Muhuri wa Ahabu na Mabati ya Kanisa

Barua nne za mwezi huu zote zimetoka mkoa wetu wa Tanga, na ingawa waandishi wake hawajuani, zinazunguka jambo moja: Mkristo afanye nini anapoagizwa, au anaponyamazishwa, na mwenye nguvu kuliko yeye. Majina ya watu na ya vijiji nimeyaondoa. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine, na wenye barua fupi wataniwia radhi.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, mjumbe wa halmashauri ya kijiji katika wilaya ya Muheza, na kanisani ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama. Mwezi wa nne mtendaji wetu aliniletea nyumbani karatasi ya mahudhurio ya mkutano mkuu wa kijiji, pamoja na muhtasari unaosema kwamba wanakijiji wameridhia eka 80 za upande wa mtoni apewe mtu mmoja mkubwa ambaye sote tunamjua. Mkutano huo haukufanyika. Majina yalikwisha kuandikwa, mengine ya watu tuliowazika. Nikasema naomba nifikirie. Mtu huyo ndiye aliyetoa mabati 150 ya kanisa letu jipya, na mume wangu ni dereva wa lori lake. Nilipomweleza padre alinisomea Warumi 13, akaniambia nisilete fitina wakati paa halijaisha. Mjomba wangu akasema: mkono usioweza kuukata, ubusu. Je, nikikataa nitakuwa nimeasi mamlaka iliyowekwa na Mungu? Na nikitia saini, dhambi ni yangu au ya aliyenituma?*

Marahaba, mwanangu. Swali lako la mwisho nalijibu kwanza kwa kuwa ndilo jepesi. Saini ni yako na dhambi ya saini ni yako, ingawa aliyekutuma naye anayo yake, tena kubwa zaidi. Amri ya Mungu inakataza kumshuhudia jirani uongo, na karatasi ya mahudhurio si kitu kingine ila ushuhuda: anayeandika jina lake pale anasema kwamba alikuwapo, aliona, na alisikia.

Sasa Warumi 13. "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu" ni maneno ya Mtume, wala sina ruhusa ya kuyafuta. Lakini mtume huyo huyo, alipokuwa Filipi pamoja na Sila, alipigwa bakora hadharani pasipo kuhukumiwa, akatiwa gerezani, na kulipokucha mahakimu wakatuma watu wamfungue aende zake kimya kimya. Paulo akakataa kutoka. Alisema kwamba wao ni raia wa Rumi, wamepigwa mbele ya watu bila hukumu, na sasa wanataka kutolewa kwa siri. Basi mahakimu na waje wenyewe wawatoe. Wakaja, tena kwa hofu. Ndiyo kusema, yule aliyetuambia tuitii mamlaka aliitaka mamlaka nayo iitii sheria yake yenyewe, na hakuona kwamba kwa kufanya hivyo amemkosea Mungu.

Tena tuulizane mamlaka yenyewe katika jambo lako ni ipi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji kabla mkutano mkuu haujaridhia, na mkutano mkuu ni wakazi wote wa kijiji waliotimiza miaka 18, akiwemo bibi kizee anayelima mihogo upande huo wa mtoni. Kwa hiyo aliyeasi mamlaka ni yule aliyeandika mkutano usiokuwapo, na wewe ukikataa kutia saini ndiye unayeitii. Padre wako amekusomea aya sahihi. Amekosea tu mtu wa kumsomea.

Afadhali angekufungulia 1 Wafalme 21, kwa sababu habari yako imo humo karibu neno kwa neno. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi wa Yezreeli, akamwahidi shamba jingine zuri zaidi au fedha, na Nabothi akakataa kwa kuwa ulikuwa urithi wa baba zake. Ahabu akalala akagoma kula. Mkewe Yezebeli akaandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee na wakuu waliokaa mji mmoja na Nabothi. Barua ziliagiza mambo manne: pigeni mbiu ya kufunga, mwekeni Nabothi mbele ya watu, wasimamisheni watu wawili wamshuhudie kwamba amemtukana Mungu na mfalme, kisha mtoeni mkampige kwa mawe. Wazee wakafanya kama walivyoandikiwa. Shamba likapatikana, na kila kitu kilikuwa na karatasi yake.

Watu wanapoihubiri habari hii humkimbilia Eliya, aliyetumwa kumkabili Ahabu shambani, na Ahabu akamwuliza, "Je! Umenipata, Ewe adui yangu?" Ni maneno matamu kuyasoma madhabahuni, nami nimeyasoma mara nyingi kwa sauti ya kujigamba. Siku hizi nawatazama zaidi wale wazee wa Yezreeli. Eliya alifika Nabothi akiwa amekwisha kuuawa. Mtu aliyehitajika ni mzee mmoja tu, siku ile barua zilipofika, aseme: mimi sikumsikia Nabothi akimtukana Mungu, kwa hiyo sitakaa katika baraza hilo. Maandiko hayamtaji mzee wa namna hiyo, na yalivyo makini katika kutaja mambo ya haki, naamini hakuwapo. Pengine walikuwa na wana katika jeshi la mfalme. Pengine mmoja wao alikuwa na mume wa binti yake anayeendesha farasi wa Ahabu. Hawakuwa watu waovu kuliko sisi, na Yezebeli asingeweza kufanya lolote bila wao, maana hakuwapo mjini na hakuwa na mkono unaofika huko isipokuwa mikono yao.

Angalia pia kwamba shauri lile lilianzia na mbiu ya kufunga. Dini ilitangulizwa mbele ili watu wainamishe vichwa wasione. Sisemi kwamba mabati 150 yalitolewa kwa hila hiyo. Simjui mtoaji, na moyo wa mtu ni msitu. Nasema tu kwamba mfungo wa Yezreeli ulikuwa mfungo wa kweli, watu walishinda na njaa, na bado ulitumika kufunika wizi wa shamba.

Lipo jambo jingine ambalo wakubwa wenyewe wangefaa kulisoma. Miaka ilipopita, Yehu alipoipindua nyumba ya Ahabu, naye aliandika barua kwa wakuu na wazee na walezi wa wana wa mfalme, akiwaagiza wamletee vichwa vya wana hao sabini. Habari hiyo imo katika 2 Wafalme 10. Wakamletea, katika vikapu. Wazee waliozoezwa kutii barua waliitii ya Ahabu juu ya Nabothi, wakaitii na ya Yehu juu ya watoto wa Ahabu. Mtu wako mkubwa anapofurahia kijiji ambacho kila mmoja hutia saini bila kuuliza, akumbuke kwamba kijiji cha namna hiyo hakitamtetea yeye pia siku mwingine mwenye nguvu zaidi atakapoleta karatasi yake.

Mjomba wako mpe heshima yake. Methali aliyokupa ni ya watu waliokaa chini ya masultani, kisha Wajerumani, kisha Waingereza, na imeokoa roho za wengi. Lakini hakuna aliyekuomba uukate mkono wa mtu huyo, wala yeye hajaomba uubusu wake. Anaomba umwazime wa kwako. Hilo ni ombi la namna nyingine, na mjomba hakuliangalia.

Niruhusu niseme na la kwangu. Nilipokuwa mwalimu mkuu, miaka mingi sasa imepita, nililetewa hati ya kupokea madawati 40, nikayapokea kwa kalamu; kwa macho sikuyaona hata moja. Niliambiwa yako njiani. Nilikuwa nangojea uhamisho wa kunirudisha karibu na mama yangu aliyekuwa mgonjwa, na aliyeleta hati ndiye aliyeshika faili langu. Watoto walikaa sakafuni mwaka ule na mwaka uliofuata, na kila asubuhi nilipoingia darasani saini yangu ilikuwa pale sakafuni pamoja nao. Sikuandikii, basi, kama mtu aliyeshinda.

Kwa hiyo fanya hivi. Mtendaji akirudi, mwambie: mimi sikuwapo katika mkutano huo, kwa hiyo siwezi kuandika kwamba nilikuwapo. Ishia hapo. Usiseme amehongwa, kwa maana hilo hukuliona, na shahidi hasemi asichokiona. Usiseme juu ya moyo wa mwenye mabati. Sentensi yako moja ina nguvu kwa sababu hakuna awezaye kuipinga, na ukiiongezea ya kusikia utakuwa umempa mtendaji mahali pa kukushikia. Halmashauri ya kijiji itakapokaa, omba msimamo wako uandikwe kwenye muhtasari. Usipoandikwa, uandike mwenyewe kwa tarehe, na nakala umpe mtu unayemwamini nje ya kijiji. Kisha mwombe mwenyekiti aitishe mkutano mkuu wa kweli. Hapa watu wengi huteleza: wewe hupingi ardhi kutolewa. Huenda wanakijiji wakikaa, wakaelezwa watapata nini, wakaridhia wenyewe, na siku hiyo utatia saini kwa moyo mweupe hata kama ungependa wakatae.

Usiende peke yako. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe wasiopungua 15, na haiwezekani kwamba hofu hii imekupata wewe tu. Zungumza na familia ambazo majina ya marehemu wao yametumiwa. Wao wana uchungu ambao hauhitaji kuchochewa. Mkitishwa, ipo ofisi ya ardhi ya wilaya, ipo TAKUKURU, wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa kwa sheria ya mwaka 2017, na ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Sikuahidi kwamba sheria hizo zitakukinga na kila neno sokoni au kila mlango utakaofungwa. Nakuambia zipo ili usidhani umesimama jangwani.

Kuhusu mume wako, sioni kwamba anapaswa kuacha lori. Obadia aliyemcha Bwana alikuwa msimamizi wa nyumba ya Ahabu huyo huyo, na akiwa humo ndani aliwaficha manabii mia mapangoni, akawalisha mkate na maji. Wapo wanaoitwa kutoka na wapo wanaoitwa kubaki. Lakini mweleze mapema utakalofanya, ili asilisikie kwa tajiri wake kwanza. Nyumba nyingi hubomolewa na habari iliyochelewa kuliko na uamuzi wenyewe.

Na padre umrudie, pamoja na mzee mmoja wa kanisa, kwa adabu. Mabati si haramu kwa kuwa mtoaji ni mkubwa. Ila zawadi iliyokwisha kutolewa haina deni, na ikianza kudai malipo imekoma kuwa zawadi. Hapo kanisa linapaswa kuwa tayari kuyashusha mabati na kuyarudisha, likasali chini ya makuti kama babu zetu walivyosali. Mwulize padre swali moja tu: bibi wa mihogo anasali kanisa gani? Kama ni hilo hilo, atakuwa amekaa chini ya paa la shamba lake.

*Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa chuo, naishi Chumbageni. Wenzangu husema Ukristo uliletwa ili tutawalike, na kwamba misheni na bendera vilishuka kutoka meli moja. Je, yuko mmisionari aliyewahi kuwakatalia watawala wa taifa lake mwenyewe, au hizo ni hadithi za kanisani tu?*

Wenzako hawajakosea sana, na usiwajibu kwa hasira. Hata pale palipofanywa jambo jema, mkono wa mwenye nguvu haukuwa mbali. Mapadri wa Roho Mtakatifu walioanzisha misheni Bagamoyo mwaka 1868 waliwakomboa watumwa kwa fedha, wakawajengea kijiji cha uhuru; lakini uhuru ule ulikwenda kwa kengele ya misheni na kwa jembe katika mashamba ya misheni. Anayetaka kuusifu ukombozi ule aisimulie na kengele.

Hata hivyo yuko mtu mmoja ambaye sisi wa Tanga tunapaswa kumjua, kwa sababu alifia kwetu. Frank Weston alikuwa Askofu wa Kianglikana wa Zanzibar tangu mwaka 1908, na dayosisi yake ilifika bara, Bonde yote, Magila Msalabani na Korogwe. Katika vita ya kwanza ya dunia Wajerumani waliwafunga mapadri na walimu Waafrika wa misheni yake ya Bonde kwa kuwashuku kuwa wapelelezi wa Waingereza, na mateso waliyopata watu wale hayatajwi vya kutosha katika mahubiri yetu. Weston mwenyewe aliongoza kikosi cha wapagazi kutoka Zanzibar, akatembea nao. Mwaka 1918 akatoa kijitabu akiulaani utawala wa Wajerumani kwa jinsi ulivyowafanya Waafrika watumwa. Hapo bado hajathibitisha kitu kwa wenzako: Mwingereza kumlaani Mjerumani wakati wa vita, huku serikali yake ikilitamani koloni, ni ujasiri wa bei nafuu.

Gharama ilikuja baadaye. Oktoba 1919 serikali ya Gavana Edward Northey, upande wa pili wa mpaka wetu, katika nchi ambayo mwaka uliofuata ingeitwa Koloni la Kenya, ilitoa waraka juu ya vibarua wa mashamba ya walowezi. Waraka haukusema watu walazimishwe. Ulisema maofisa na machifu "wawahimize" vijana kwenda kufanya kazi, na penye mashamba ya karibu wanawake na watoto nao wahimizwe. Kisha ukaagiza kwamba majina ya machifu wanaosaidia na ya wasiosaidia yaandikwe. Wewe uliyekulia mkoa wa mkonge, ambako wazee bado wanasimulia habari za manamba, huhitaji kuelezwa chifu husikia nini anapoambiwa ahimize huku jina lake likiandikwa daftarini.

Maaskofu wa Kianglikana wa Mombasa na Uganda, pamoja na Dokta John Arthur wa misheni ya Waskoti, wakatoa tamko. Waliyaona madhara, na waliyataja wazi. Lakini walihitimisha kwamba ikiwa shuruti haina budi, basi iwe ya kisheria, iwe hasa kwa kazi za serikali, na iwekewe masharti ya kuwalinda watu. Hawakuwa watu wabaya. Walifikiri kwamba kwa kukubali kidogo watapunguza mengi, kama mtu anayekubali kushika kamba ili ng'ombe asivutwe kwa nguvu kupita kiasi.

Weston alikataa kamba yenyewe. Mwaka 1920 alitoa kijitabu kingine, na safari hii anwani yake iliwataja watwana wa Uingereza. Kwake shida haikuwa masharti kukosekana. Kumshurutisha mtu afanye kazi kwa faida ya mwingine ni uovu, na maaskofu hawakupaswa kuutafutia utaratibu. Maneno aliyotumia juu ya Mjerumani mwaka 1918 sasa akayageuzia nyumbani kwake, na kwa hilo akawaudhi walowezi, maofisa, na baadhi ya ndugu zake katika uaskofu. Hakuwa peke yake. Huko Uingereza J. H. Oldham, kiongozi wa mambo ya misheni, alilisukuma jambo hilo kwa barua na mikutano kwa uvumilivu ambao Weston hakuwa nao. Mwaka 1921 serikali ya London ikaagiza kwamba maofisa wake wasiwatafutie waajiri binafsi vibarua. Watu wa Kenya waliendelea kubebeshwa kodi na kipande, yaani cheti cha kazi walicholazimika kutembea nacho, kwa hiyo usilisimulie kama hadithi ya ushindi.

Mwaka 1923, mbele ya mkutano mkubwa wa Waanglikana jijini London, aliwaambia kwamba hawawezi kudai wanamwabudu Yesu katika tabenakulo ikiwa hawamhurumii Yesu katika vibanda vya maskini. Mwaka uliofuata, Novemba 1924, akafariki Hegongo, karibu na Magila. Waambie wenzako wapande basi la Muheza siku moja wapaone. Wala usiwafiche kwamba alikuwa mtu mkali, mgumu kukubali kukosolewa, na kwamba alizungumza kwa niaba ya Waafrika mara nyingi zaidi kuliko alivyowapa nafasi wazungumze wenyewe. Ila ulichouliza ni kama yuko aliyewakatalia watu wake, na jibu ni kwamba yuko.

*Asalaam aleikum, Mwalimu. Mimi ni Mwislamu wa Ngamiani, mzee wa makamo yako, na gazeti hili nalisoma dukani. Nataka kuuliza neno moja tu. Jirani zangu Wakristo husema "natoa ushuhuda," kisha nasikia habari za mtu aliyepata kazi au gari. Kwetu shahidi ni mtu mzito. Ninyi mmelifanyaje neno hili?*

Waaleikum salaam, mzee mwenzangu. Umetushika penye jeraha. Kumshukuru Mungu kwa kazi ni jambo jema, lakini ni shukrani, na tulipoiita ushuhuda tulilifanya neno kuwa jepesi. Neno la Kigiriki ambalo Agano Jipya hulitumia kwa shahidi ndilo ambalo baadaye lilikuja kumaanisha mtu aliyeuawa kwa imani yake, na Kiswahili chetu, kwa msaada wa Kiarabu, kimeyahifadhi yote mawili katika neno moja: shahidi asimamaye mahakamani na shahidi aliyeuawa. Nanyi mnasoma katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, kwamba waumini wasimame imara katika uadilifu, wawe mashahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hata iwe dhidi ya nafsi zao au wazazi na jamaa zao, awe anayeshuhudiwa ni tajiri au maskini. Yule mama wa Muheza aliyeandika hapo juu ana majirani Waislamu katika halmashauri ya kijiji chake. Natumaini mmoja wao ataisoma barua hii yako.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katekista, Korogwe. Jumapili iliyopita nilihubiri juu ya kiongozi mmoja wa eneo letu ambaye watu wake huwatoza akina mama wa sokoni ushuru zaidi ya ule ulioandikwa. Nilimwita Herode. Sasa baraza la wazee limeniita, linataka niombe radhi mbele ya kanisa. Je, niombe? Au huko ni kuikana kweli?*

Marahaba, kijana wangu. Utaniambia kwamba Yesu mwenyewe alimwita Herode mbweha. Ni kweli, na Yesu aliijua mioyo ya watu. Mimi na wewe hatuijui. Mtazame Yohana Mbatizaji, aliye karibu zaidi na kazi yako. Watoza ushuru walipomwuliza wafanye nini, hakuwapa jina la mnyama wala la mfalme. Aliwaambia, "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Ni hesabu tupu. Na alipomkabili Herode alilitaja tendo lenyewe, kwamba si halali kwake kumchukua mke wa ndugu yake, na kwa tendo hilo moja alilolitaja wazi akakatwa kichwa.

Nikupe na mfano ulio karibu. Usiku wa tarehe 5 Februari 1977 watu wenye silaha waliivamia nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum, Kampala, wakidai wanatafuta bunduki. Tarehe 10 maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Idi Amin barua. Ungetegemea laana, maana walikuwa na kila sababu. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikuwa amechukuliwa kutoka mahakamani mwaka 1972 asirudi, na wengi wasiojulikana walikwisha kupotea. Lakini barua ile inaeleza nani aliingia, mahali gani, na kilichofanyika, kisha inasema kwamba bunduki iliyoelekezwa tumboni mwa Askofu Mkuu imeelekezwa kwa kila Mkristo wa kanisa hilo. Walilitaja tendo kwa ukamilifu, hawakumtukana mtu. Tarehe 16 Luwum alikamatwa, akauawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Redio ilitangaza kwamba ni ajali ya gari. Uongo huo haukudumu hata mwezi, na sababu mojawapo ni kwamba barua ya maaskofu ilikuwa imekwisha kusomwa, na hapakuwa na neno ndani yake ambalo serikali ingeweza kulionyesha kuwa ni uzushi au matusi.

Kwa hiyo nenda kwenye baraza la wazee, na mbele ya kanisa pia ukitakiwa. Omba radhi kwa jina la Herode, na uombe kweli, usiseme "kama kuna aliyekwazika." Habari ya ushuru iache kama ulivyoisema. Kabla ya Jumapili pita sokoni ukawaombe akina mama stakabadhi zao, zile zenye kiasi kilichoandikwa, na karibu ya kila moja uandike kwa penseli kiasi walichotoa. Wasio na stakabadhi uandike kwamba hawakupewa. Wazee wakikuuliza una ushahidi gani, ziweke mezani.